Inchi tano

Mama ninayenunua kwake samaki pale Mbuyuni huwa na mabeseni mawili. La kwanza lina sato wa Mwanza, wamekuja na barafu, bei yao unaisikia ukiwa bado umesimama mbali. La pili lina perege wa Nyumba ya Mungu. Jumamosi moja nilimshika perege mmoja nikamlaza kwenye kiganja, akaenea. Mkia haukufika hata kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, hawa si watoto?"

"Kaka, hao ndio wakubwa. Watoto tumewakaanga nyumbani jana."

Akacheka, nami nikacheka, nikanunua fungu moja nikapanda zangu Njoro. Ila njiani neno lile lilinikaa. Kama hao ndio wakubwa, basi nani aliamua ukubwa unaanzia wapi? Swali hilo limenipotezea miezi kadhaa ya usomaji, na makala haya ni sehemu ya gharama yake.

Najua msomaji atashangaa. Njoro na samaki wapi na wapi? Sisi ni watu wa chemchemi na migomba. Babu yangu mzaa baba hakuwahi kutia samaki mdomoni hadi anafariki. Aliwaita nyoka wa majini, na mama alipokaanga dagaa yeye alihamia upande wa pili wa nyumba. Lakini mama ni Mpare wa Mwanga, na kaka yake, mjomba wangu, alivua bwawani Nyumba ya Mungu tangu akiwa kijana. Isitoshe, maji ya mlimani yanayotupita hapa Moshi huishia kule kule bwawani. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza.

Jibu la swali langu linaanzia mbali na Kilimanjaro, kwenye Ziwa Viktoria. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka michache baadaye, mnamo 1905, zikaja nyavu za kisasa za kutega, zile ambazo watu wa Ziwa wanaziita makila. Kabla ya hapo wavuvi walikuwa na migono, ndoana na nyavu za mafunjo. Makila ilikuwa mashine ya pesa. Unaitega jioni, unaiinua asubuhi, na mwanzoni wavu mmoja ulikuwa unatoka na samaki hamsini mpaka mia. Samaki mwenyewe ni ngege, ndugu wa perege wetu, mtamu kuliko wote kwa walioonja. Reli ikamchukua hadi Nairobi, soko likakua, nyavu zikaongezeka. Kufikia miaka ya 1920, katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo siku hizi inaitwa Winam, wavu ule ule ulikuwa unatoa samaki kama sita.

Serikali za kikoloni zikashtuka. Mwaka 1927 akaletwa kijana kutoka maabara ya uvuvi ya Lowestoft, Uingereza, anaitwa Michael Graham, pamoja na msaidizi wake Barton Worthington ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka chuoni. Wakazunguka ziwa zima mwaka 1927 na 1928, wakatega nyavu za matundu ya kila kipimo, wakahesabu, wakapasua matumbo, wakaangalia mayai. Ripoti ikatoka mwaka 1929.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo penyewe. Tundu la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Ngege si kama samaki wa baharini anayemwaga mayai kwa mamilioni na kwenda zake. Jike hubeba mayai mdomoni, mia kadhaa tu, na vifaranga vikishatoka hukimbilia humo humo mdomoni wakiona hatari. Ukimnasa mama kabla hajalea hata mara moja, umekula na ukoo wake. Graham aliona kwamba wavu wa inchi tano unamwacha ngege mdogo apite, na anayenaswa ni yule ambaye kwa kawaida ameshazaa. Aliona pia kwamba wavuvi, mavuno yakipungua, hawapunguzi nyavu. Wanapunguza matundu. Mwenye inchi tano anahamia nne na nusu, jirani yake akiona naye anashuka, na kila mmoja ana sababu nzuri kabisa ya kufanya hivyo. Akapendekeza sheria moja: hakuna wavu chini ya inchi tano, ziwa lote, nchi zote tatu, na chombo kimoja cha kuisimamia.

Kwa ninavyofahamu, hicho ni miongoni mwa vikomo vya kwanza vya uvuvi Afrika Mashariki vilivyotokana na vipimo vya sayansi badala ya hisia za mtawala. Hakusema mvue tani ngapi. Hakukuwa na namna ya kuhesabu tani katika ziwa lenye mialo mamia na mitumbwi isiyoandikwa popote. Badala ya kuhesabu samaki wanaotoka, alipima mlango wanaopitia. Mpaka leo nchi zetu zinafanya hivyo hivyo kwa sababu ile ile.

Jambo la pili kwenye ripoti ile linaumiza ukilisoma leo. Graham alionya kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mlaji wa wenzake kutoka kwingine ni hatari kubwa mno bila utafiti wa kina kwanza. Mnamo mwaka 1954 sangara akaingia ziwani, upande wa Uganda. Yaliyofuata mnayajua. Walioliwa sana ni furu, mamia ya aina, wengine hata majina walikuwa hawajapewa.

Lakini turudi kwenye inchi tano. Sheria ilipitishwa miaka ya 1930. Mwaka 1947 kikaundwa chombo cha uvuvi cha ziwa zima, na kituo cha utafiti kikajengwa Jinja. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwepo. Majini hali ilikuwa nyingine. Maofisa walikuwa wachache, ziwa ni kubwa kuliko baadhi ya nchi, na wavuvi waliiona sheria ile kama kodi nyingine ya mzungu: amekuja, amepima, ameondoka, sasa anakuambia wavu ulioununua dukani kwa pesa yako, ulioletwa na mfanyabiashara yule yule anayelindwa na serikali yake, ni haramu. Mimi nawaelewa. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja nailoni. Nyavu za uzi wa kitani zilikuwa zinaoza haraka na samaki walikuwa wanaziona. Za nailoni hazionekani vizuri majini na zinadumu. Ghafla wavu mmoja ukawa na nguvu ya kadhaa, na hakuna aliyebadilisha hesabu za Graham kulingana na hilo.

Katikati ya miaka hiyo ya 1950 Uganda na Tanganyika zikaiondoa sheria ya inchi tano. Kenya ikafuata mwaka 1961. Hoja ilikuwa kwamba haitekelezeki, na kwamba inazuia watu kuvua samaki wengine wadogo ambao hawana tatizo. Hoja hiyo ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake. Matokeo ni kwamba matundu yalishuka haraka, na ngege katika ziwa kubwa akawa hadithi ya wazee. Anapatikana leo katika viziwa vidogo vya pembeni, na sehemu moja nyingine nitakayoitaja baadaye.

Graham mwenyewe alirudi Lowestoft. Nilipokuwa nasoma habari zake nilidhani Ziwa Viktoria lilikuwa safari ya ujana tu, kumbe sivyo. Mwaka 1943 alichapisha kitabu kidogo, The Fish Gate, humo akatangaza alichokiita sheria kuu ya uvuvi: uvuvi usio na kikomo mwishowe haumpi faida mtu yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mkurugenzi wa maabara ile, na vijana wawili wa chini yake, Raymond Beverton na Sidney Holt, mwaka 1957 wakatoa kitabu kinene cha hesabu ambacho wataalamu wa uvuvi duniani bado wanakitegemea. Wazo lake ukilivua ule urembo wa hesabu ni hili: samaki walioko majini wanakua na kuzaana kila mwaka, hicho ndicho riba, ukivua riba, mtaji unabaki. Kazi yote ni kujua riba ni kiasi gani. Siwezi kuthibitisha kwamba Graham alikuwa anaiwaza Kavirondo alipoandika sheria yake kuu. Lakini alikuwa ameshaona kwa macho yake wavu ukishuka kutoka samaki mia hadi sita, na si vitu mtu anavyosahau.

Sasa Nyumba ya Mungu.

Bwawa lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana kuwa Pangani, kwa ajili ya umeme na kilimo cha umwagiliaji. Samaki hawakuwa kwenye mpango mkubwa. Lakini bwawa jipya lina tabia yake: maji yanapofunika nyika, majani, miti na mbolea ya miaka yote vinaoza humo ndani, chakula kinakuwa tele, na samaki wanalipuka. Mjomba anasema mwaka wa kwanza aliofika Lang'ata alidhani watu wanamtania. Ulikuwa unatupa wavu unashindwa kuuvuta. Watu walikuja kutoka kila upande, na waliojua kazi ni wale wa kutoka Ziwa, ambao waliwafundisha Wapare na Wamasai walioamua kujaribu. Kambi zilijaa nyumba za makuti na baa. Lori zilipanga foleni. Samaki wa moshi wa Nyumba ya Mungu walifika hadi pwani.

Kilele kilikuwa mwaka 1970. Takwimu za mwaka ule zinazidi tani 20,000 kutoka bwawa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zisizofika 200. Miaka michache baadaye zikawa elfu chache. Mwaka 1974 wakaja watafiti kutoka Uingereza, wakakaa, wakapima kila kitu kuanzia mimea hadi ndege, na mwaka 1978 matokeo yao yakachapishwa London. Baada ya hapo kila mtu aliyewahi kuandika ripoti kuhusu bwawa anaanza na mwaka 1970. Nyumba ya Mungu ilikuwa inatoa tani kadhaa elfu, sasa inatoa chache, wavuvi wameharibu.

Hapa nakataa. Si kwamba wavuvi hawana kosa. Kokoro zilikuwepo, zinakwangua mpaka mazalia, na mjomba mwenyewe anakiri alivuta kokoro miaka ya themanini. Ninachokataa ni kuuchukua mwaka 1970 kama kipimo. Ule haukuwa riba. Ule ulikuwa mtaji wa nyika iliyozama, na ungeshuka hata kama wavuvi wote wangekuwa malaika. Ukiweka kikomo chako kwa kutazama mwaka ule, utakuwa unawadai watu samaki ambao bwawa halikuwa na uwezo wa kuwazaa tena. Halafu kuna maji. Bwawa linapanda na kushuka kulingana na mvua za mlimani, umeme na mashamba ya juu. Maji yakishuka samaki wanabanana sehemu ndogo, wavu unajaa, na asiyejua anadhani samaki wameongezeka kumbe wamesongamana tu. Kosa hilo hilo, kwa sura nyingine, liliwakuta Wakanada. Pwani ya Newfoundland walikuwa na wanasayansi, meli za utafiti, na kikomo cha tani kila mwaka. Chewa waliobaki walijikusanya, meli zikaendelea kuwapata, hesabu zikasema wapo wengi. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi, na chewa hawajarudi kama walivyokuwa.

Mwaka 2016 Nyumba ya Mungu nayo ilifungwa, mwaka mzima. Mjomba alikuwa ameshazeeka, anamiliki mtumbwi mmoja na vijana wawili. Kabla ya hapo, katika moja ya zile operesheni, watu wa doria walikuwa wamekusanya nyavu zake wakazichoma mwaloni. Anasema mbili zilikuwa haramu kweli, tatu zilikuwa halali, na zote ziliungua kwa kiberiti kimoja. Nilimuuliza kama hakuwaonyesha zile halali.

"Nilimwambia yule kijana, mwanangu, pima. Akaniambia hana kipimo."

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kichwani. Graham alikuja kutoka Uingereza na rula. Miaka karibu tisini baadaye, mtu anayesimamia sheria ya matundu anafika mwaloni na petroli lakini bila rula. Sitaki kusema doria haina maana. Bila doria hata hao perege wa kiganja nisingewapata. Lakini sayansi ikifika kwa mvuvi ikiwa imeshageuka moshi, utamlaumu vipi akiona ni uonevu ule ule wa zamani?

Baba yangu, ambaye hakuwahi kuvua, alisikiliza kisa kile akasema kwao mfongo haukuwa hivyo. Mfongo ni mfereji wa Wachagga wa kumwagilia migomba, na kila ukoo una zamu yake. Ukiiba maji usiku, asubuhi wenzako wanaona mfereji umekauka na shamba lako limelowa. Wazee wanakaa, unatozwa mbege au mbuzi, yameisha. Mfano mzuri, nikauandika. Ila maji ya mfongo yanaonekana. Perege haonekani mpaka umemtoa, na hapo swali limeshachelewa.

Baharini ndiko kugumu zaidi. Wazo kwamba nchi inamiliki samaki walioko maili 200 kutoka ufukweni kwa sehemu kubwa lilitoka kwetu: Frank Njenga, mwanasheria wa Kenya, alilipeleka kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika Colombo mwaka 1971 na Lagos mwaka 1972. Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa Watanzania waliokaa kwenye mazungumzo marefu ya Sheria ya Bahari, na baadaye akawa hakimu katika mahakama yake kule Hamburg. Mkataba ukasainiwa Desemba 1982. Kifungu cha 61 kinaitaka nchi ya pwani iamue kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa, ikitumia ushahidi bora wa sayansi uliopo. Ukisoma unapata fahari. Kisha unajiuliza ni nani anayehesabu. Watanzania wengi tulitambua kwamba tuna bahari ya namna hiyo mwaka 2009, ilipokamatwa meli ya Tawariq 1 ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wale waliokuja kuitwa samaki wa Magufuli.

Jodari hana pasipoti, leo yuko kwetu, kesho Shelisheli. Kwa hiyo kikomo chake hupangwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli, ambayo Tanzania ni mwanachama. Mwaka 2016 tume ilifanya jambo zuri: ilikubaliana kanuni ya hesabu kwa jodari wadogo wenye mistari tumboni, kwamba wanasayansi wakishaingiza vipimo, namba itakayotoka ndiyo kikomo, hakuna kubembelezana. Namba ikatoka: tani 470,029 kwa mwaka, kuanzia 2018 hadi 2020. Nimeipenda hiyo 29 ya mwisho. Mwaka ule wa kwanza zilivuliwa zaidi ya tani 600,000. Kwa nini? Kwa sababu walikubaliana jumla bila kugawana. Kila nchi ilijua kikomo cha wote, hakuna iliyojua chake. Ni kama kijiji kukubaliana mfongo ufungwe jioni bila kusema ni nani anayeufunga. Mwaka 2023 kwa jodari wa macho makubwa wakajirekebisha: tani 80,583 kwa mwaka 2024 na 2025, na safari hii wavuaji wakubwa wakapewa fungu lao kwa namba.

Sasa mpeleke mjomba kwenye mkutano huo. Anaweza asielewe hesabu, lakini swali la nani anafunga mfereji angelielewa kabla chai haijapoa.

Mjomba siku hizi anakaa kwetu Njoro, macho hayaoni vizuri. Jumamosi ile nilipofika na fungu langu aliniambia nimpe awaparue yeye, mikono haijasahau. Alimshika mmoja, akampapasa kichwa, akampindua, akausogeza karibu na dirisha.

"Huyu si perege wetu," akasema. "Huyu ni wa Ziwa. Waliletwa zamani kwenye mabwawa ya Pangani, wakazaana na wetu."

Nilikuwa nimeshasoma hilo. Ngege wa Graham, aliyepotea kwao, yupo Nyumba ya Mungu, na wataalamu wa nasaba za samaki wana wasiwasi kwamba wageni kama yeye wanachanganyika na perege wa asili wa Pangani, ambaye naye yuko hatarini. Nilitaka kumweleza mjomba yote hayo, nikaona ameshafika kwenye wa nne.

"Wanao mayai?" nikamuuliza.

Akapasua tumbo kwa kidole gumba, akatazama. "Bado," akasema, akamtupia kwenye sufuria na wenzake.